Baiskeli Yenye Mgongo wa Chuma

Kwa nini mtu anayeomba kubebwa tu akuambie, kabla hamjafika popote, "Bakikuuliza, sema niko mugonjwa"? Swali hilo lilinishinda asubuhi ile. Na mimi si mtu wa kuamini mizimu. Nilisoma fizikia chuo kikuu mpaka walimu walipoacha kulipwa na milango ikafungwa. Hata leo nikisikia kisa cha namna hii huwa nauliza: nani aliona, na kulikuwa na mwanga gani? Basi niulizeni mimi. Niliona mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipoanguka. Maduka ya Lubumbashi yalikuwa yameporwa, mabasi yamekwisha. Mimi nilibahatika: niliuza mkate kwenye bulanjeri mjini, na jioni nilirudi nyumbani Naviundu na mikate iliyobaki. Hiyo ndiyo waliyokula mama na wadogo zangu. Patron, mwenye bulanjeri, alikuwa ametangaza kwamba atakayechelewa tena asirudi, na mimi kwa miguu nilikuwa nachelewa. Nilihitaji kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliyeuza vitu vilivyokwisha kutumika nyuma ya lori lake. Nikamwonyesha moja nyekundu, matairi membamba. Akacheka.

"Ile ni ya kujionyesha, dada. Shimo ya kwanza tu, imekufa."

Ya pili ilikuwa na bomba la juu. Na liputa, kitenge changu, kiunoni ningepandaje? Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya kupanda bila kuinua mguu sana. Mnyororo ulifunikwa usile nguo, matairi manene, taa ya dinamo. Na juu ya karia ya nyuma mtu alikuwa amechomelea mgongo wa chuma, kama wa kiti, uliofika usawa wa kisogo cha mtu aliyekaa. Wa kuegemeza magunia, nilijiambia. Ndio ulionipendeza kuliko vyote. Niambieni, ninyi mngechagua ipi?

Nyumbani mama aliizunguka bila kuigusa.

"Uliuliza ilibebaka nini?"

"Mama, shi ni chuma tu!"

"Chungu nayo ni udongo tu. Utapika mu chungu ya muntu bila kuuliza alipikamo nini?"

Nikacheka. Kesho yake, jua halijatoka, nikaondoka.

Ulikuwa msimu wa baridi, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni hadi barabarani. Karibu na daraja alisimama mwanamke, liputa imemfunika kichwa.

"Yaya," akaniita, kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa, "unibebe. Naenda ku mji."

Niliwaza kwamba barabara ile ni afadhali wawili. Akakaa nyuma, na baiskeli haikutikisika hata kidogo. Kisha akapitisha liputa nyingine mgongoni mwake, akaizungusha kiunoni mwangu, akanipa ncha zake mbili.

"Funga. Nisianguke."

Nikafunga fundo mbele ya tumbo langu. Baridi yake ilipenya koti. Msimu, nikajiambia, ni msimu tu. Ndipo aliponiambia lile la ugonjwa.

Kwenye kizuizi askari wawili walikuwa wakiota moto wa tairi. Mmoja akasimama mbele yangu.

"Uyu njo nani?"

"Iko mugonjwa," nikajikuta nimesema.

"Mugonjwa ya nini? Ya mapendo?"

Mwenzake akacheka sana. Yule wa kwanza akainua liputa kichwani mwa abiria wangu, akamgusa shavu. Kicheko kikakatika.

"Mama," akasema polepole, "uyu alishakufa. Iko mugumu sawa mbao."

Na nyuma ya sikio langu, karibu kabisa, bila pumzi, sauti ikasema:

"Twende."

Askari aliisikia. Niaminini, aliisikia: aliitupa bunduki chini akakimbilia majanini, na mwenzake akamfuata. Mimi ningekimbilia wapi? Nilikuwa nimefungwa naye. Nililivuta fundo langu mwenyewe, likakataa. Nikakanyaga pedali huku nikilia, na kila nilivyokanyaga ndivyo alivyozidi kuwa mzito, mpaka kwenye njia inayokata kwenda makaburini. Hapo baiskeli ikaruka kama iliyotua mzigo, nikaanguka.

"Aksanti, yaya," nilisikia.

Hakukuwa na mtu. Liputa ilikuwa bado kiunoni, fundo halijafunguka, ila sasa ilinibana mimi peke yangu.

Nikaiinua baiskeli, nikapanda, nikafika kazini kwa wakati. Patron akaikata ile liputa kwa kisu cha mkate. Tangu siku hiyo baiskeli sikuipanda tena. Nikarudia kwenda kazini kwa miguu yangu, nikachelewa, nikafukuzwa, na nyumbani tukalala njaa. Mpaka leo, baridi ikiingia, kuna asubuhi naamka kiuno kimebanwa na mikono yangu inatafuta fundo.

Ninyi mnaonunua kinga ya kwendea kazini, mkishajaribu breki na matairi, ulizeni ilibeba nini. Msione haya kuuliza.

Mimi nilipata jibu miaka baadaye, kwenye matanga ya jirani. Mwanamke mmoja alikuwa akisimulia jinsi walivyomzika dada yake wakati ule. Magari hayakuwepo, na kwenye vizuizi askari hawakuruhusu maiti ipite bure. Kwa hiyo watu waliwaketisha wafu wao kwenye baiskeli, wakawafunga kwa liputa kiunoni mwa dereva, wakasema: iko mugonjwa. Ule mgongo wa chuma uliwekwa ili kichwa kisianguke nyuma.