Hesabu Mbili za Mwezi Mmoja

Suvarchala alizaliwa alfajiri ya mvua, na kabla mkunga hajamaliza kumfuta, baba yake alikuwa ameshaketi na sleti mapajani. Mwezi ulikuwa wapi mbinguni saa ile? Akapiga hesabu, akairudia, kisha akaweka chaki chini akanyamaza. Mama mtoto, Ratnamamba, aliyekuwa amejilaza mkekani, aliuelewa ukimya ule kabla ya kuambiwa neno. Mtoto alikuwa wa Mula.

Katika vijiji vya Konaseema, kule mto Godavari unakogawanyika kuelekea baharini, hakuna asiyejua maana yake. Njia ya mwezi ina vituo ishirini na saba, na mtoto hubeba jina la kituo ambamo mwezi umelala saa anapozaliwa. Vituo vingine huleta mali, vingine upole. Msichana wa Mula, husemwa, akiolewa humuua baba mkwe wake. Si kwa sumu wala kisu. Kwa kuvuka kizingiti tu.

Ratnamamba alimsihi mumewe aisogeze ile saa kidogo. "Mvua ilikuwa inanyesha, hata majogoo hawakuwika. Nani atakayekuja kuhesabu?"

"Mimi," alijibu Somayajulu.

Kuhesabu ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyetunga panchangamu, kalenda ya Watelugu iliyofuatwa na vijiji vyote vya mfereji ule, kama alivyoitunga baba yake kabla yake. Hapakuwa na ndoa, kuhamia nyumba mpya wala kumlisha marehemu bila watu kupita kwanza barazani kwake kuuliza siku. Naye hakuwahi kumsogezea mtu saa. Angemsogezeaje binti yake?

Msichana akakua, na kwa kuwa kaka hakuwa naye, yeye ndiye aliyekaa karibu na baba akitazama chaki ikitembea. Akajifunza kwamba mwezi na jua ni kama wakimbiaji wawili wa uwanja mmoja: kila mara mwezi unapolizidi jua hatua fulani, siku ya mwezi hubadilika, hata kama ni adhuhuri na watu wanakula. "Na mwezi hauna adabu," baba yake alimwambia. "Leo unakimbia, kesho unajikokota. Kazi yetu ni kujua utajikokota lini." Macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, alimwita binti amsomee tarakimu. Baadaye amjumlishie. Mwisho akawa anakaa tu kwenye kiti chake cha kamba, anatafuna tambuu na kungoja, na kalenda nzima ikawa inatoka mkononi mwa Suvarchala, ingawa jalada liliendelea kubeba jina la mzee.

Umri wa kuolewa ulifika, ukaanza kupita. Ratnamamba akatafuta dawa inayojulikana: mchumba ambaye baba yake ameshakufa, maana mkwe hafi mara mbili. Akaja mmoja aliyefiwa na mke, mwenye watoto wakubwa kuliko Suvarchala. Akaja mwingine ambaye baba yake alikwenda kuhiji mji mtakatifu wa Kashi asirudi, na hakuna aliyeweza kuapa kama yu hai au amekufa. Posa hiyo ilivunjika kwa sababu ukoo wenyewe ulitaka mzee ahesabiwe kuwa hai.

"Nendeni mkaulize kwenye nyumba ya mayatima," alisema shangazi Kamakshi, dada yake Somayajulu, ambaye hakuwa na breki mdomoni. "Wachumba wote wa huyu wako huko."

Suvarchala alicheka pamoja na wengine. Alikuwa amejifunza kucheka mapema, kabla hawajamaliza kusema.

Kisha akaja Kodandam. Baba yake, Lakshmipathi, alikuwa na mtambo wa kupiga chapa mjini Rajahmundry, nao ndio uliochapa panchangamu. Kila mwaka kurasa za kusahihisha zililetwa na tarishi. Mwaka ule zililetwa na mwana wa tajiri mwenyewe, kijana mrefu mwenye wino kwenye kucha.

"Nimekuja kumtafuta mwenye kuandika saba zenye mkia," alisema alipomkuta Suvarchala barazani.

"Huo ni mwandiko wa baba."

"Baba yako amenikaribisha sasa hivi huku anaiangalia nguzo."

Suvarchala akatazama chini. "Basi umeshajua. Usiende ukalisema mjini."

"Nilisemee nini? Mafundi wetu wanakupenda sana. Wanasema mwaka mzima hawapati mswada msafi kama huu. Ila wanadhani wewe ni kizee chenye ndevu."

"Waambie ndevu nimezinyoa."

Safari ya kwanza alileta kurasa za miezi mitatu, safari ya pili za mwezi mmoja. Safari ya tatu alivuka mto kwa ajili ya ukurasa mmoja tu uliokosewa nukta. Ratnamamba alimkaangia maandazi ya dengu na kuanza kuimba jikoni, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

Lakshmipathi akaja mwenyewe. Alipanda ngazi za baraza kwa kutua kila moja, mkono kifuani. Suvarchala alikuwa jikoni akisaga mchele. Jiwe likasimama lenyewe.

"Mheshimiwa," alimwambia Somayajulu, "binti yako nimempenda, na mwanangu chakula hakimpiti. Lakini moyo wangu ni mbovu, daktari amenikataza hata ngazi. Nikiingiza Mula nyumbani, si najipangia kuni za kunichoma? Wewe niambie tu kwa kinywa chako kwamba si wa Mula. Sitaki karatasi. Neno lako linanitosha. Hata nusu ya neno."

Suvarchala aliyasikia mate ya tambuu yakitemwa kwenye chombo cha shaba.

"Kalenda yangu inasema Mula," alijibu baba yake.

Sasa, katika sanduku la mbao la nyumba ile mlikuwa na majedwali ya aina mbili. Ya kwanza ni yale ya kale waliyorithi, ambayo kwayo kalenda yote ilitungwa. Ya pili ni majedwali mapya yaliyotokana na wale wanaoutazama mwezi kwa darubini, na hayo mzee aliyatoa pale tu mwezi au jua lilipokuwa linapatwa. Mwezi hupepesuka mara nyingi zaidi kuliko walivyohesabu wa kale, kwa hiyo majedwali haya mawili hupishana, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Suvarchala alilijua hilo tangu zamani. Lakini hakuwahi kulileta kwenye jina lake mwenyewe, kama vile mtu asivyofikiri kupima upya urefu wa mkono wake.

Siku mbili baada ya Lakshmipathi kuondoka, wakati nyumba yote imelala usingizi wa mchana, alifuta sleti akapiga hesabu ya alfajiri ile ya mvua kwa majedwali mapya. Mwezi ulikuwa umeshatoka Mula. Alizaliwa ukiwa kituo kinachofuata, Purvashadha, ambacho hakuna mtu duniani mwenye neno baya nacho. Akarudia. Jibu likawa lile lile. Hakufurahi. Akabaki ameketi sakafuni mpaka baba yake alipoamka.

"Baba," alimuuliza, "mwaka jana mwezi ulipopatwa, tulitumia jedwali lipi?"

"Si wewe uliyenisomea? Jipya."

"Kwa nini si la babu?"

"La babu lingetuaibisha. Watu walikuwa wamesimama mferejini, maji kiunoni, mitungi ya achari wameiwekea majani matakatifu isinajisike. Mwezi ungeanza kuliwa kabla ya saa niliyowaandikia, wangenicheka mpaka Kakinada."

"Kwa hiyo pale wanapoona kwa macho yao, unawapa la kweli."

Mzee akachukua jani la tambuu.

"Na mimi je? Nyota yangu haionekani, basi ibaki hivyo hivyo?"

Alidhani atashtuka. Alidhani ataomba sleti, ataomba asomewe tarakimu moja moja. Mzee aliendelea kulikunja jani la tambuu kwa vidole vilivyozoea giza.

"Purvashadha," alisema taratibu.

Suvarchala alishika nguzo. "Umejua lini?"

"Tangu majedwali hayo yalipoingia humu ndani. Ulikuwa bado unasoma shule. Hesabu ya kwanza niliyoyapigia ilikuwa yako."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, mwanangu? Nikisema jedwali la babu yako limekosea alfajiri moja, wataniuliza alfajiri zote. Watu nimewaozesha kwa jedwali hilo. Wamewalisha wazazi wao waliokufa kwa siku nilizowapa. Tena watasema, mzee ameishika ya kale maisha yake yote, binti yake alipokosa mume ndipo mwezi umehama."

"Waache waseme!"

"Wewe bado kijana, ndiyo maana."

"Si kijana tena, Baba. Ndilo ninalokwambia."

Nyuma ya mlango kitu kilianguka. Ratnamamba alikuwa amesimama pale, kikombe cha maziwa kiko miguuni pake. "Mimi nilikuomba saa kidogo tu," alimwambia mumewe. "Kumbe ulikuwa nayo." Tangu siku ile akawa anamtengea chakula na kuondoka bila kumkaribisha.

Kodandam alirudi mara moja zaidi. Suvarchala alimsindikiza mpaka kivukoni akamweleza yote, na yeye akaamini papo hapo, bila kuuliza swali, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama angebisha.

"Naamini," alisema. "Lakini moyo wa mzee ni mbovu kweli, Suvarchala. Tukioana leo, akafa mwakani kwa ugonjwa wake mwenyewe, nani atakayesema ni ugonjwa? Mama yangu atasema? Wewe mwenyewe, utalala?"

Alitaka kumwambia kwamba angelala vizuri sana. Hakuweza. Mashua ikaja, Kodandam akapanda. Kuanzia hapo kurasa zikawa zinaletwa na posta.

Msimu wa ndoa ulipofika, Lakshmipathi alizipanda tena zile ngazi. Kodandam alikuwa amepata mchumba wa Tanuku, na ndoa ilihitaji saa njema. Somayajulu akageuza uso upande alikodhani binti yake ameketi. Hakumwamuru, hakumkataza pia. Suvarchala akachukua sleti. Alijua saa mbaya zote za mwezi ule, alizijua kama mpishi anavyojua mawe kwenye dengu, na hakuna ambaye angegundua kama angewapa mojawapo. Akatafuta saa safi kuliko zote, akaisoma kwa sauti, Lakshmipathi akamshukuru Somayajulu.

Mvua zilipoanza na mfereji ukajaa, Somayajulu alimwita. Alikuwa amekonda. "Kalenda ya mwaka ujao," alisema, "itunge utakavyo. Kwa jedwali utakalo. Jina langu nitaliweka, na watakaokuja kunitukana nitawajibu mimi."

Suvarchala hakuamini masikio yake. Wiki nzima aliandika kwa majedwali mapya, na wepesi ulimwingia mabegani. Alijikuta anakula vizuri, anajibizana na shangazi Kamakshi. Aliwaza pia, ingawa kwa chini chini, kwamba Rajahmundry watausoma mwandiko wake na kuelewa.

Asubuhi moja akaja bibi Mahalakshmamma, ambaye mwanawe wa pekee alichukuliwa na mafuriko. Kila mwaka, siku ile ile ya mwezi, alifunga, akampikia wali wa ukwaju aliokuwa akiupenda, akauweka nje kwa ajili ya kunguru. Kunguru wakila, marehemu amekula.

"Nitazamie siku ya mwanangu ya mwakani, binti yangu," alisema. "Nianze kutafuta mchele mzuri."

Suvarchala akatazama. Kisha, kwa mazoea ya kuhakikisha, akarudi mpaka siku ya mafuriko yenyewe. Jioni ile maji yalipomchukua kijana, kwa hesabu mpya, siku ya mwezi ilikuwa bado haijabadilika. Bibi alikuwa amekosea kwa siku moja, mwaka baada ya mwaka, tangu mwanzo.

"Vipi?" Mahalakshmamma aliuliza. "Mbona umekaa kimya? Ni kama ile ya siku zote, sivyo?"

"Bibi, na kunguru huwa wanakuja?"

Uso wa kizee ukachangamka. "Wanakuja! Hawajaninyima hata mwaka mmoja. Yupo mmoja ana bawa bovu, huyo ndiye huanza. Mimi humwita kwa jina la mwanangu."

Suvarchala alimpa siku ya kale. Alimsaidia kushuka ngazi, akamtazama akienda kando ya mfereji na mwavuli wake, kisha akarudi ndani. Alikasirika mno, lakini hakujua amkasirikie nani. Kurasa alizokuwa ameandika alizitia motoni jikoni, chini ya chungu cha dengu, akafungua majedwali ya babu yake, akaanza upya kuanzia mwezi wa kwanza. Baba yake alisikia chaki. Hakuuliza kitu, na hilo binti alimshukuru.

Posa nyingine haikuja. Asubuhi ya Ugadi, siku mwaka mpya unapofunguliwa, watu wawili walimshika mzee mikono wakampeleka hekaluni kuusoma mwaka. Kwa kuwa alikuwa haoni tena, alisoma kwa kukariri, baada ya Suvarchala kumfundisha mwezi mzima. Wanawake walibaki jikoni wakichanganya maua ya mwarobaini, sukari guru, ukwaju na embe bichi, uchungu na utamu wa mwaka katika bakuli moja, kama ilivyo desturi. Kipaza sauti kilileta sauti yake mpaka pale: mvua zitakuwaje, mwezi utapatwa lini, miezi ipi ni ya ndoa. Suvarchala alijua kila neno kabla halijatamkwa. Ratnamamba akamsogezea bakuli aonje kama chumvi imetosha. Akaonja, akasema imetosha.