Kadi za Puge: jinsi msomi wetu alivyoruka nusu ya kijiji

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu na mkono wangu ulikuwemo, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Kuna kijana hapa jukwaani katamba eti kuchakata database kubwa kwa batch, yaani fungu kwa fungu, ni mambo ya juzi. Nimecheka. Sisi tulichakata kwa vidole, na tuliharibu vilevile.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa karani Tabora mjini. Kazi yetu ilikuwa kugawa mashamba kwa kaya zilizohamishiwa kijiji cha Puge. Kila kaya ilikuwa na kadi yake yenye namba, zote zimepangwa kwenye sanduku moja refu.

Bosi wetu, msomi wa Ulaya huyo, akasema tufanye kadi mia kwa siku. Hapo hakukosea.

Siku ya kwanza tukatoa mia za mwanzo, tukazigawia mashamba, tukazifungia kabatini.

Siku ya pili akaamuru: "Ruka mia za jana, anza na zinazofuata."

Ruka zipi? Za jana zilishatoka sandukuni! Tukaruka mia ambazo hazijaguswa. Siku ya tatu tukaruka mia mbili. Usomi huo!

Ilitosha kukumbuka namba ya mwisho ya jana na kuendelea nayo. Hata muuza kahawa wa Mtendeni asingeshindwa.

Tulipomaliza, nusu ya kadi zilikuwa bado sandukuni. Bwana mkubwa akasema, "Hao ni wakaidi, wamekataa kuhama." Tukaandika hivyo.

Wiki chache baadaye akaja Mama Nyamizi, mjane wa Puge, kadandia lori la pamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndugu karani, nyumba yangu mmeivunja, nimehama na wanangu sita. Jirani zangu wanalima. Mimi naambiwa mkaidi, kwa lipi?"

Nikaitafuta kadi yake. Namba mia moja arobaini, haijaguswa na mtu.

Tulizirudia zote zilizobaki kwa kufuata namba. Shamba alipata, ila mvua zilikuwa zimeshakata. Mwaka ule hakuvuna hata debe.

Funzo: kama unaondoa ulichomaliza, usiruke kwa kuhesabu. Shika namba ya mwisho. Ninyi wa OFFSET, mnaoiambia database iruke rekodi kwa idadi, mnajijua.

Na msinisifu. Kosa nililiona siku ile ile ya pili, nikanyamaza nisije nikaonekana mjuaji.

Semeni wakuu, nani mwingine aliona akanyamaza, na aliyelala njaa alikuwa nani?