Mkimbizi wa Mwalimu Isack

Melkiori aliondoka Missouri City, pembezoni mwa Houston, saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, na masaa manne yote ya barabara ya kwenda Dallas hakuwasha redio. Alikuwa anatafuta maneno. Alhamisi Gelasius, mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa kule, alimpigia simu kumwambia kwamba Mwalimu Isack, kocha wa riadha, amefariki Karatu, kwamba msiba umewekwa Cedar Hill nyumbani kwa Prudensia, binti wa marehemu, na kwamba yeye Melkiori ndiye atakayesimama kueleza kazi ya marehemu.

"Wewe ndiye mwanariadha wake pekee tuliye naye huku," Gelasius alisema. "Nani mwingine aseme?"

Kiti cha pembeni alikaa Precious, binti yake wa miaka kumi na mitano, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Alijua Gelasius huwasimamisha watoto wajitambulishe kwa Kiswahili, kwa hiyo alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti ya chini. "Dad, runner ni mkimbizi, right?" aliuliza walipopita Corsicana.

"Ehe," Melkiori alijibu. Hakuwa amesikia swali.

Miaka kumi na minane mtu huyu alikuwa ameishi kwa hadithi moja, na Waswahili wote wa Houston waliijua. Alikuja mwaka 2006 kukimbia marathoni, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa Mwalimu Isack aliyetegemewa kuliko wote. Kilomita ya thelathini msuli wa paja ukachanika. Basi, mbio zikaishia hapo, na maisha ya ghala na ya zamu za usiku yakaanzia hapo. Aliisimulia vizuri. Mwanzoni alikuwa akichechemea kidogo mbele za watu ili hadithi iwe na ushahidi, na kadiri miaka ilivyokwenda kuchechemea kukawa ndiyo mwendo wake, hata akiwa peke yake bafuni.

Ukweli ni huu, na hauna urembo. Kilomita ya ishirini na saba, akiwa wa sita na miguu yake mizima, Melkiori alikata kona, akapita nyuma ya kituo cha mafuta na kuingia kwenye gari la binamu yake. Namba ya kifuani aliing'oa akaitupa chini ya kiti. Mwalimu Isack alikuwa mbele, kilomita ya thelathini, ameshika chupa ya maji.

Wiki mbili baadaye alipata ujasiri wa kumpigia mwalimu, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani. Alitegemea matusi. Matusi yangemsaidia.

"Nilikusubiri na chupa yako mpaka wakaondoa vizuizi barabarani," Mwalimu Isack alisema. "Mama yako nimemwambia umechanika msuli. Na wewe sema hivyo hivyo, mwanangu."

Kwa hiyo hata uongo wenyewe haukuwa wake, alipewa. Mwaka uliofuata mwalimu alimpigia mara moja tu, kumwambia kwamba waandaaji wa mbio wamefuta mwaliko wa wasichana, hawataki tena mtu yeyote wa klabu ya mwalimu. Wasichana gani, Melkiori hakuuliza. Mimi nasema hakutaka kujua.

Walipofika Cedar Hill wanawake walikuwa ndani na wanaume gereji, mlango umeinuliwa, viti vya kukunja vimepangwa, chupa za chai ziko juu ya friji bovu. Msiba wa wanaume tunaujua. Unaanza na pole, unapita kwenye ugonjwa wa marehemu, na kabla chai haijapoa umeshafika michezoni. Leo angalau walikuwa na kisingizio, maana marehemu alikuwa kocha. Ubishi ulikuwa juu ya nani mwanariadha mkubwa kuliko wote kutoka mkoa wao.

"Bayi," alisema Gelasius, mtu wa Karatu. "Rekodi ya dunia, Christchurch, sabini na nne. Tu-close huu mjadala."

"Akhwari wa Mbulu umemwacha wapi?" sauti ikatoka nyuma.

"Mbulu ni Manyara. Sisi tunaongelea Arusha."

"Mwaka wa Olimpiki ya Mexico kulikuwa na Manyara, Gelasius? Si ulikuwa mkoa mmoja?"

Elkana, Mkenya wa Eldoret anayefanya kazi ya unesi na Prudensia, alikuwa akiwasubiri wajikwae. "Ati mnabishania watu wawili? Kwetu ukianza kutaja wa location moja tu, chai inapoa. Na huyo wa Mexico si alimaliza wa mwisho? Greatest anakuwaje mtu wa mwisho, buda?"

Gelasius aliweka kikombe chini. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Alianguka, Elkana. Goti likaharibika, wakamfunga bandeji, akaingia uwanjani giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka. Lakini alimaliza. Mtu aliyetumwa na watu wake anamaliza."

Elkana alikubali kwa kichwa, akamgeukia Melkiori. "Na huyu wetu tumweke wapi kwa list?"

"Huyu ni bahati mbaya tu," Gelasius alisema kwa upole. "Bila ule msuli, tungekuwa tunamtaja wa tatu."

Melkiori alitazama chai yake. Zamani maneno kama hayo yangempa raha ya siri. Leo alitamani Gelasius aache.

Prudensia alitoka ndani na chupa nyingine ya chai, khanga nyeusi imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Elkana, ambaye hakujua kumwacha mtu apite, alimdaka. "Na wewe sista, mtoi wa kocha, hukukimbia?"

"Nilikimbia. Mita elfu kumi." Alisema huku akimimina. "Nikaalikwa huku Texas mwaka 2007, mimi na wenzangu wawili. Pasipoti nikapata. Halafu Baba akaniita uwanjani akaniambia jina langu limerudi, muda wangu haukutosha. Nikaacha siku ile ile, nikaenda kusoma unesi."

"Ulikuwa na time gani?"

"Thelathini na tatu na sekunde kumi na mbili."

"Na ulikuwa na miaka?"

"Kumi na minane."

"Kwa altitude ya Karatu?" Elkana alikunja uso. "Hiyo ilikuwa moto, Pruda."

"Haikutosha," alisema Prudensia, akafunika chupa. "Baba hakuwa mtu wa kupendelea. Hata mimi hakunipendelea, na ndiyo maana nilimheshimu."

Alirudi ndani. Melkiori alibaki na kikombe mkononi. Sasa alijua wasichana gani. Na alielewa kilichotokea uwanjani siku ile. Mwalimu angemweleza binti yake sababu ya kweli, kesho yake Karatu nzima ingejua, na mama yake Melkiori angeisikia kisimani. Kwa hiyo mwalimu alichagua. Alimwangalia mtoto wake wa kumzaa, mwenye miguu ya kufika popote, akamwambia hatoshi, ili mtoto wa mwenzake abaki na jina. Melkiori aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ile ndani ya gari la binamu.

Angeweza kunyamaza. Jambo hili aliliona wazi kabisa. Mtu pekee aliyejua yote amekufa, maneno ya sifa alikuwa ameshayapanga njiani, na Prudensia alikuwa amejiwekea amani yake na sekunde zake. Alijiambia kwamba kumwambia ni kumuua baba yake mara ya pili. Ilikuwa hoja nzuri, na aliishikilia mpaka wote walipoitwa sebuleni.

Picha ya marehemu ilikuwa juu ya meza, filimbi shingoni. Gelasius aliwasimamisha watoto mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake, Precious aliunganisha mikono kama mtu anayesali.

"Shikamooni. Naitwa Precious. Tumetoka Missouri City. Baba yangu alikuwa mkimbizi. Mwalimu Isack alimfundisha kuwa mkimbizi mzuri sana."

Nyumba nzima ilicheka. Walikuwa wamelia siku mbili, walihitaji kucheka, na hata Prudensia alijifuta machozi ya aina nyingine.

"Mkimbiaji, mama," Gelasius alimsahihisha. "Mkimbizi ni mtu aliyetoroka kwao."

Precious alijifunika uso. "Oh my God, sorry. Dad, you said it was right."

Melkiori alikuwa ameshasimama. Watu walidhani ni zamu yake imefika, wakamgeukia kwa heshima.

"Mtoto hajakosea," alisema.

Wachache walicheka tena. Aliwasubiri wamalize. Kisha akawaeleza, akimtazama Prudensia peke yake: kona, kituo cha mafuta, gari, chupa ya maji, maneno ya mwalimu kwenye simu. Akaeleza na simu ya mwaka uliofuata, mwaliko uliofutwa. Hakuongeza kitu na hakuomba msamaha, kwa sababu kila alivyoufikiria msamaha aliona ni kuomba zawadi nyingine. Alipomaliza, Gelasius alikuwa anatazama zulia.

Prudensia hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kazini, sauti ya nesi anayehakikisha kipimo. "Thelathini na tatu na sekunde kumi na mbili. Ilitosha?"

"Ilitosha, dada. Muda wako hata hawakuuangalia. Waliishia kwenye jina la klabu."

Aliinuka, akaenda mezani, akaitazama picha ya baba yake kwa muda. Wengine walifikiri ataiinua aikumbatie. Aliilaza kifudifudi.

"Kumbe alipendelea," alisema. "Alikupendelea wewe." Akamgeukia mwenyekiti. "Gelasius, endeleeni na sala." Na akaenda jikoni, wakasikia maji yakifunguliwa.

Hakuna aliyemfukuza Melkiori, na hakuna aliyemzuia. Gereji Elkana alimpisha bila kumpa mkono. Melkiori alitembea kuelekea garini, Precious nyuma yake, na jua la Texas likiwa bado juu. Alikuwa anachechemea. Hapakuwa na sababu tena, watu wote walishajua paja lile halikuwahi kuchanika, kwa hiyo alijaribu kutembea sawasawa kama alivyofundishwa.

Mguu ulikataa.

"Is it hurting, Dad?" Precious aliuliza.

"Hapana," alisema, na akaendelea kuchechemea mpaka mlangoni mwa gari.