Neno la Leland Kuchar katika Zamu ya Nane

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, Leland Kuchar huweka mkono wake wa kulia ukingoni mwa meza ya jikoni na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, mpaka kila kimoja kilie. Viwili havinyooki tena. Ni vidole vya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuipokea mipira ya besiboli ikija kama jiwe la kombeo. Tessa, mtoto wa dada yake, amekaa kwenye meza hiyo tangu utotoni, na hajawahi kumsikia akilalamika.

Miaka minne aliyokidakia chuo chao kidogo cha Nebraska, Leland alipiga vizuri kuliko yeyote aliyemtangulia, na rekodi yake haijavunjwa hadi leo. Wakimbiaji waliothubutu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, aliwatoa kwa mrusho mmoja, wakarudi benchi wakijikung'uta vumbi. Lakini mjini kwao hawakumkumbuka kwa hayo. Walimkumbuka kwa neno.

Ilikuwa fainali ya mwaka 1974. Mrushaji Royce Bettcher, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alifika zamu ya nane kati ya tisa bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake salama. Siku kama hiyo mwiko unajulikana: mrushaji hasemeshwi, bahati isije ikamkimbia. Hukaa peke yake mwisho wa benchi kama mwenye ndui, na hata maji hapewi mkononi. Leland akaenda hadi pale Royce alipokuwa akirushia, akamnong'oneza. Mpira uliofuata ulipigwa hadi uzioni. Chuo kilishinda kwa pointi moja, lakini nani alijali? Royce alihama chumba wiki ileile. Akaenda kucheza mpira wa kulipwa miaka kumi na mmoja, na hakumwandikia Leland hata mstari.

Leland alirudi nyumbani kutengeneza mitambo ya kumwagilia mahindi. Hadi leo, mtu akiandamwa na bahati kwenye karata, husema, "Mwondoeni Kuchar, asije akafungua mdomo." Naye hucheka, akaendelea kugawa.

Basi barua ya chuo ilipokuja kusema jina lake litawekwa kwenye ukuta wa heshima, Tessa ndiye aliyelia. Kulikuwa na desturi moja: anayeheshimiwa huitwa jukwaani na mwenzake wa timu. Leland alimtaja Royce tu. Chuo kikaandika, jibu halikuja. Walipomsihi ataje mwingine alikataa. Kama Royce haji, alisema, atapanda peke yake.

Jumamosi ya sherehe, watu wakimalizia mchuzi wa maharage na nyama kwa mikate ya mdalasini, mzee mrefu akaingia na koti la mvua. Tessa alimjua kwa picha. Hakumsalimu mtu, alikwenda moja kwa moja jukwaani.

"Huyu jamaa aliniharibia siku moja," Royce alisema, "nami nimemnunia miaka arobaini na tano, maana mimi ni mpumbavu mwenye kumbukumbu nzuri. Aliniambia kiwiko changu kimevimba, niache kurusha mipira ya kupinda. Nilikasirika, nikatii, nikarusha ulionyooka, ukapigwa. Baadaye daktari akaniambia ningerusha kumi zaidi, mkono ungekwisha palepale. Leland, inuka, mzee wangu, kabla hawajamaliza mikate."

Ukumbi mzima ulisimama. Leland alipanda jukwaani kama mtu aliyeitwa kusaidia kubeba meza. Walishikana mikono, wakasahau kuachiana. Tessa, ambaye hata darasani hakupenda kuonekana, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Wakati wa kurudi aliendesha yeye. Alikuwa na swali moja, na ilimchukua maili nyingi kulitoa.

"Mjomba, ungejua kwamba mpira wake utapigwa, na kwamba watakucheka miaka yote hii, ungekwenda tena kumwambia?"

Leland alikuwa akivinyoosha vidole vyake gotini.

"Ningekwenda zamu ya sita," alisema. "Ndipo kiwiko kilipoanza kuvimba."