Siku Kumi za Ardith Beckwith

Ardith Beckwith alikuwa akitunza maeneo manne ya makaburi ya zamani ya mji wetu, huku Connecticut, Marekani. Kwa miaka kumi na tisa alikata nyasi na kufyeka vichaka mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mkavu, asiyemwogopa mtu. Nyumba aliyokaa ilikuwa yake nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya Corinne, dada wa marehemu mumewe. Walitumia jiko moja, na hawakuwa wakisalimiana. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara, na wakati wa joto, madirisha yakiwa wazi, sikuhitaji kutega sikio.

Chuki yao ilianzia kwa Royal, yule mume. Aliwahi kuumwa na kupe akapata ugonjwa wa Lyme, akatibiwa kwa vidonge vya siku kumi, akapona. Miaka sita baadaye alianguka kwenye ngazi akafa. Madaktari walisema mishipa ya moyo iliziba kwa mafuta. Corinne hakukubali. Kwake yeye, kaka yake aliuawa na zile siku kumi, na aliyemzuia asiongezewe dawa ni mkewe.

Basi mwezi wa Juni, Ardith akioga, akaona nyuma ya goti alama nyekundu ya mviringo, pana kama kisahani. Haikuwasha wala kuuma. Kesho yake ilikuwa imepanuka zaidi. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua alama ile ya Lyme. Alikwenda kliniki, na muuguzi Roxanne Dube hakuhangaika hata kumpima damu.

"Mapema hivi damu inaweza kudanganya. Alama yenyewe inatosha," alimwambia. "Doksisaiklini, asubuhi na jioni, siku kumi. Kunywa na maji mengi, na jikinge na jua, itakuunguza."

Corinne alizikuta zile dawa jikoni.

"Siku kumi," alisema. "Hata kuku wangu akiugua hapewi dawa kidogo hivyo."

"Kuku wako wana akili kukushinda, wifi. Weka chini."

"Mimi nakunywa mwezi wa nne huu, na daktari wangu hajaniambia niache."

Ni kweli. Corinne alijitoa kupe mmoja mwezi wa Machi, hakuota alama yoyote, lakini alimtafuta daktari wa mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari, ambaye alikuwa akimwandikia dawa mwezi hadi mwezi.

"Huyo daktari wako angemwandikia dawa hata mlango ukilia," Ardith akamjibu.

"Cheka. Kaka yangu naye ulimcheka."

Ardith alizichukua dawa zake akatoka. Neno lile lilikuwa likimchoma kila mara, na Corinne alilijua.

Alimaliza siku zake kumi. Jua lilimbabua migongo ya mikono hata akalazimika kuvaa glavu. Alama ikafifia ikapotea. Lakini uchovu haukuondoka. Alikuwa akikata nyasi za safu mbili za makaburi, kisha anakaa chini, magoti yanamuuma kama mtu aliyebeba magunia. Wiki ya tatu ikapita hivyo, na akaanza kuogopa. Kilichomuudhi kuliko maumivu ni kwamba alikuwa akiogopa kwa maneno ya Corinne.

Asubuhi moja alikuta chupa ya vidonge mbele ya kikombe chake.

"Vya mwezi mzima," Corinne alisema akiwa dirishani, mgongo umemgeukia. "Au unataka nikuzike karibu na kaka yangu?"

Ardith aliichukua chupa akaenda nayo kliniki, akaibwaga mezani kwa Roxanne.

"Niambie ukweli. Mlinipunja?"

"Hapana."

"Basi mbona bado nimechoka?"

"Vijidudu vimekufa. Mwili ndio haujamaliza kulalamika. Wengine huchukua wiki, wengine miezi. Watu wamepewa dawa muda mrefu zaidi wakalinganishwa na waliopewa siku kumi, na hawakupona vizuri zaidi. Goti likivimba, uso ukipinda, moyo ukienda vibaya, njoo siku hiyohiyo. Lakini chupa hii sikuruhusu."

"Unaongea kama unanikaripia."

"Nakukaripia. Umekuja na dawa za mtu mwingine."

Ardith aliondoka kwa hasira, lakini vidonge hakuvinywa.

Mwisho wa Julai, Corinne akaanza kuharisha. Siku ya kwanza akasingizia supu ya kome. Siku ya tatu Ardith alimkuta sakafuni chooni, midomo imepauka. Alimwinua kwa makwapa, akamwingiza garini, akampeleka hospitali bila kuongea naye njia nzima. Huko wakasema dawa za miezi mitano zimeua bakteria wema wa tumboni, na mbaya mmoja amepata nafasi ya kuota peke yake. Alilazwa siku tisa. Dawa zile za mwanzo zikasimamishwa.

Ardith alikwenda kumwona mara moja.

"Usikae hapo ukifurahi," Corinne alimwambia.

"Sifurahi. Gari lako limeziba mlango wa banda la mashine yangu ya nyasi. Nataka funguo."

Corinne alimwonyesha mkoba kwa kidole. Ardith alipofika mlangoni, akasikia nyuma yake:

"Royal alitaka aongezewe?"

"Hakutaka. Alikuwa mzima, Corinne. Alicheza hoki miaka yote ile sita."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa ukishtaki."

Hakuna aliyelia wala aliyeomba radhi. Corinne alirudi nyumbani akiwa amekonda, akamwacha yule daktari wa mbali, lakini hakukiri kwamba alikosea. Alisema tu barabara ya kwenda kwake ni ndefu.

Na Ardith? Katikati ya Septemba alimaliza kaburi la mwisho la siku akagundua hajakaa chini tangu asubuhi. Hakumwambia mtu. Corinne alimwona akipanda ngazi mbilimbili, akasema vumbi la viatu vyake linachafua jiko.

"Fagia," Ardith akamjibu, akapita.