Maji yalipanda mlimani kwenye mémoire ya Espérance, kumbe ni sub(1)

Amahoro wakuu. Niko Rumonge, Kiswahili changu ni cha huku ziwani, mnivumilie. Hili nimelishuhudia mwenyewe, siongezi chumvi.

Nasoma engineering Bujumbura pamoja na Espérance. Wazazi wake ni Wakongomani, wanauza samaki hapa Rumonge. Ziwa Tanganyika lilipopanda, nyumba yao ilizama. Wakahamia kwa mjomba wake, kule Gatete.

Mémoire yake, ile kazi ya kumaliza chuo, akaifanya juu ya hilo hilo: kuonyesha kwa kompyuta jinsi maji yalivyoingia mtaani kwao.

Alitumia finite element. Yaani unakata eneo vipande vidogo vidogo, software inatafuta jibu kwa kila kipande. Jibu lenyewe linakuja kama mixed function: kasi ya maji na kina chake, vyote ndani ya function moja.

Yeye alitaka kina tu. Akaandika sub(1), amri ya kuita sehemu ya pili (kompyuta inahesabu kuanzia 0), akachukua namba, akachora ramani.

Wakuu, maji yakajaa mlimani, ufukweni kukawa kukavu!

Professeur akamwambia abadili sujet, atafute mada nyingine. Nilimkuta darasani peke yake, laptop kaifunga.

"Naacha," akaniambia. "Nyumba imeenda, na hii iende."

"Ngoja kwanza. Nionyeshe hizo namba."

Zilikuwa nyingi kuliko pointi za ramani! Script yake, program aliyoiandika, ilikuwa inachukua za mwanzo tu, zilizobaki inaziacha.

Kumbe sub(1) inakuonyesha sehemu ya pili, lakini ukiomba array yake, yaani orodha ya namba, unapewa ya function nzima, kasi na kina vimechanganyika. Tukaongeza collapse(), amri ya kuitenga sehemu hiyo, kina kikatoka peke yake.

Espérance akalia. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Siku ya defense, ya kuitetea mémoire mbele ya walimu, mama yake alikuja. Ramani ikawashwa, maji yakaanza kuingia polepole kutoka ziwani. Mama akasimama mbele ya jury:

"Ni vile! Ilianzia kwa mulango wa jikoni, vile vile!"

Nikajua atatolewa nje.

Président wa jury akaweka kalamu chini. "Endelea, Mama. Halafu ikafika wapi?"

Nilichojifunza: jibu likiwa la ajabu, kagua kwanza namba zako zimetoka wapi kabla ya kutupa kazi. Na mwenzako akikwama, kaa naye.

Nani mwingine sub() imeshamtesa? Tuambieni mlitokaje.