Kadi ya Harusi ya Ilham

Ukitaka kumkasirisha Sihaba, mwambie kazi yake ni kubonyeza kitufe tu. Atakutazama toka unyayo hadi utosi, kisha atakuambia ujaribu wewe kumpiga picha mtu mzima wa kilo tisini anayeporomoka kwenye theluji huku akimwita mama yake. Kazi hiyo ameifanya Guangzhou, Uchina, kwa miaka kumi na mmoja, na hakuisomea popote.

Alikuja na mumewe, Gharib, mfanyabiashara wa marumaru kutoka Unguja. Wakati huo wateja wa nyumbani walikuwa wamechoka kudanganywa na picha za viwandani, ambamo kila kitu kinang'aa, halafu kontena likifunguliwa ni majonzi. Gharib akamnunulia mkewe kamera ili aupige mzigo ulivyo, kabla haujapelekwa bandari ya Huangpu kupakiwa melini. Sihaba akapiga marumaru, akapiga masinki, akapiga majenereta, mpaka siku moja jirani akamwuliza kama na binadamu anawaweza. Akasema tujaribu.

Binadamu wakamjia wa kila namna. Msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wanunuzi kutoka Nairobi na Mombasa wakishazunguka mabandani mpaka miguu ikavimba, hujipa siku moja ya matembezi, na Sihaba huandamana nao na kamera yake. Huwapeleka mtoni, huwapeleka milimani, na zaidi huwapeleka kwenye ukumbi wa theluji ulio nje kidogo ya mji. Nje mtu anatoka jasho hata mwezi wa kumi, humo ndani kuna mteremko mzima wa theluji chini ya paa. Wakenya wanaupenda ajabu. Wanavaa mabuti, wanafunga vibao vya kutelezea, wanaanguka, na kila mmoja anataka picha ya kuonyesha kwamba hakuanguka.

Hata hivyo jina la Sihaba halikujengwa na theluji. Lilijengwa na harusi, na hasa ule upande wa harusi ambao wanaume hawauoni. Wanawake wa pwani wakikusanyika kumpamba bibi harusi, mabuibui hutundikwa, nywele huachwa wazi, na watu wazima wenye heshima zao hucheza mpaka kanga zinawavuka. Simu huachwa kwenye kikapu mlangoni. Picha atapiga mmoja tu, mwanamke, anayeaminika. Sihaba ana utaratibu wake na wote wanaujua: picha hizo hazipiti kwenye simu wala mtandaoni, hazina nakala, hujifungia peke yake kuzirekebisha mwanga, kisha kadi yenyewe ya kamera humkabidhi mama wa bibi harusi, mkono kwa mkono.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Ilham, aliyeolewa na Abdulhadi, wakala wa mizigo pale mtaa wa Sanyuanli. Mama yake, Bi Hasna, alisafiri kutoka Unguja kuja kumtoa mwanawe. Shughuli ilifanyika kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tisa, wanawake zaidi ya thelathini sebuleni. Walipomaliza, Bi Hasna alimshika Sihaba mkono.

"Mwanangu, hii ni amana. Mie kesho usiku narudi nyumbani. Nataka niipate alasiri."

"Amana, mama. Alasiri itakuwa mkononi mwako."

Sasa hebu tazama jinsi uangalifu unavyoweza kumponza mtu. Jumapili asubuhi Sihaba alikuwa na kundi la Wakenya sita la kupeleka kwenye theluji. Kuiacha kadi ya Ilham nyumbani hakutaka, kwa kuwa Gharib hutembelewa na wageni na kompyuta ni ya wote. Akaifunga kwenye kikaratasi, akaitia kwenye kijimfuko alichokishona ndani ya sidiria yake. Mwizi gani angefika huko?

Tatizo ni kwamba betri za kamera haziwezi baridi. Ukiziacha mfukoni zinakufa kabla hujapiga picha ishirini, kwa hiyo Sihaba huzihifadhi mwilini, penye joto, kwenye kijimfuko hicho hicho. Asubuhi nzima alikuwa akichomoa betri na kurudisha betri, vidole vimekufa ganzi, huku mwalimu wa kuteleza akipiga kelele, "Laoban! Laoban!" yaani bosi, akimwita Wekesa, kiongozi wa kundi, aliyekuwa akishuka mteremko kwa makalio. Kadi ya theluji ilipojaa, Sihaba akaifunga nayo kwenye karatasi isiingie maji, akaitia hapo hapo. Penye joto.

Walipotoka, basi dogo lilikuwa linawangoja, maana walikuwa wanakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Wekesa akanyoosha mkono.

"Dada, hizo picha usitume kwa mtandao. Huku nikifungua kitu inazunguka tu. Nipe kadi, nitakuletea nikirudi Aprili."

Dereva anapiga honi. Sihaba akageukia ukutani, akaingiza mkono, akachomoa kikaratasi, akampa. Wakaagana kwa vicheko.

Saa nane mchana, chumbani kwake Sanyuanli, mlango umefungwa kwa ufunguo, aliitia kadi kwenye kompyuta ili asafishe picha za Ilham. Picha ya kwanza ilimwonyesha Wekesa kichwa chini miguu juu.

Akafungua ya pili. Theluji. Ya tatu, theluji. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sijui kama waliwahi kufikiria sidiria. Alimwona Ilham na nywele zake mpaka kiunoni. Alimwona Bi Hasna, mjane wa miaka sitini na tatu, akicheza sebuleni na kanga moja. Wote hao walikuwa mfukoni mwa mwanamume, njiani kwenda Nairobi. Hakufikiria kazi yake wakati huo, ingawa nayo ingekufa. Alifikiria wale wanawake walivyovua mabuibui bila kutazama nyuma, kwa sababu nyuma alisimama yeye.

Akampigia Wekesa. Simu haikupatikana. Akapiga tena, mara tano. Akampigia Caro, mfanyabiashara wa viatu wa Nairobi aliyekuwa kwenye kundi hilo.

"Sihaba! Tumefika airport, tunangoja counter ifunguliwe," Caro akasema, nyuma yake watu wanacheka. "Wekesa ametoa laptop, alitaka kutuonyesha vile—"

"Mwambie afunge! Caro, mwambie afunge sasa hivi! Nimempa kadi siyo!"

Caro akawanyamazisha wenzake. Sihaba akahesabu pumzi zake.

"Ashafunga," Caro akasema, na sauti imebadilika. "Alifungua, akaangalia kidogo, akafunga fyaa. Tukamuuliza ni nini, akatuambia hiyo show imeisha. Ngoja nikupee yeye."

Wekesa akaichukua simu. Hakuwa anacheka.

"Dada, usijali. Nimeona picha moja tu, ya kwanza. Ya mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango umefungwa, na viatu vya wamama vimejaa nje. Nikajua hapa si pangu. Mimi ni Mbukusu wa bara, lakini nimekulia Majengo, Mombasa. Nikiwa mdogo, mama yangu alikuwa akiona viatu namna hiyo mlangoni kwa jirani, ananishika sikio ananirudisha. Ya pili sijafungua. Kadi nimetoa, nampa Caro, sikutaka ikae na mimi."

Sihaba alikuwa ameisahau kabisa picha ile. Jumamosi alipofika alikuta mlango haujafunguliwa, akaona lundo la viatu kwenye zulia, akapiga moja kupima mwanga. Akaketi sakafuni, akasema alhamdulillahi mpaka Wekesa akauliza kama bado yuko kwenye simu.

Teksi ilimfikisha uwanja wa ndege muda wa abiria kuitwa kwenye ukaguzi. Caro alikuwa amesimama kando ya foleni, kadi imo ndani ya bahasha, bahasha imezungushiwa utepe wa gundi kama mzigo wa kwenda Mombasa.

"Na mimi sijaangalia," akasema, "na vile napenda kuona nguo za harusi, Mungu ananijua."

Wakabadilishana kadi. Wekesa alimpungia mkono kwa mbali, akiwa tayari na pasipoti, wala hakusogea karibu. Sihaba alitamani kumkumbatia, jambo ambalo lisingefaa hata kidogo.

Kwenye teksi ya kurudi alianza kusikia sauti ya shetani, tena yenye adabu. Kadi umeipata. Haikufunguliwa. Waliojua wanapanda ndege. Bi Hasna naye anaondoka usiku. Ya nini kumharibia safari? Sihaba alibishana na sauti hiyo mpaka Sanyuanli. Mficha uchi hazai, akajiambia mwisho, akapanda ghorofa tisa kwa lifti akitamani iharibike.

Bi Hasna alikuwa peke yake sebuleni, anafunga sanduku. Chai ilikuwa mezani. Sihaba hakuketi. Akamwekea kadi mkononi, kisha akamweleza yote, toka sidiria mpaka uwanja wa ndege, bila kuruka neno.

"Umempa mwanamume," Bi Hasna akasema taratibu.

"Nimempa, mama. Kwa makosa yangu."

"Ameona nini?"

"Viatu. Viatu vya mlangoni tu, akafunga. Anasema mamake alimfundisha."

Bi Hasna akaivuta kompyuta ya pale nyumbani. Akaamuru ifunguliwe. Picha ya kwanza ikatokea: mlango wa chuma, zulia jekundu, viatu chungu nzima. Bi Hasna akavaa miwani, akasogeza uso mpaka karibu unakigusa kioo.

"Hivi vya kahawia si vyangu?"

"Vyako, mama."

"Na kimoja kimepinduka."

"Kimepinduka."

"Aibu gani hii! Mwanamume wa watu kafika mpaka mlangoni mwangu, kakuta kiatu changu kimepinduka!" Na hapo kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu mzima kinachoanzia tumboni, mpaka akavua miwani kufuta macho. Sihaba alicheka kwa sababu alikuwa anaogopa kulia.

Bi Hasna alipotulia akaifunga kadi kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo.

"Ungenificha, ningeipeleka kadi hii nyumbani na nisingejua kitu," akasema. "Sasa nimejua, na ndiyo nalala kwa amani. Huyo kijana ana simu?"

"Anayo. Lakini yuko hewani sasa."

"Mwandikie, ataikuta akishuka. Mwambie asinisalimie mie, hatujuani. Mwambie ampelekee mama yake salamu zangu. Sema, Bi Hasna anasema ahsante kwa kulea."

Sihaba akaandika ujumbe ule pale pale, neno kwa neno. Alipobonyeza kuutuma, machozi aliyoyazuia toka saa nane yakamshinda, akayaacha yamtiririke. Bi Hasna akamvuta kochini, akamsogezea kikombe, akamwambia anywe chai kabla haijapoa.